Kiraka Kisichosubiri Waifai



Mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Newala. Usiku mmoja alinipigia, na baada ya shikamoo akasema: “Mjomba, simu inaniambia kuna toleo jipya la mfumo, niunganishe waifai. Huku waifai hakuna. Nifanyeje?” Nikamuuliza ujumbe huo ameanza kuuona lini. Akasema tangu Ramadhani. Nikahesabu vidole: miezi saba. Kwa miezi saba, kila asubuhi, mwalimu yule alikuwa anabonyeza “Baadaye” kabla hajatoka kwenda kufundisha.

Nilimjibu, “Subiri ukija mjini.” Nilipokata simu nikaona aibu. Mimi naishi kwa kuzungumza habari za teknolojia, na ushauri wangu kwa mtoto wa dada yangu ni kwamba apande basi. Ya jioni hii ni majibu niliyopaswa kumpa usiku ule.

Tuanze na jina lenyewe, maana linatupotosha. Tumezoea kuiita waifai intaneti isiyo na waya. Je, data ya simu ina waya gani? Mnara uko kilimani, simu iko kiganjani, katikati ni hewa tupu. Waifai ni redio ya masafa mafupi tu. Kiwango chake cha kiufundi, 802.11, kilitoka mwaka 1997, na jina la Wi-Fi likafuata miaka miwili baadaye, pamoja na jumuiya ya watengenezaji waliolifanya alama yao ya biashara. Redio hiyo haina intaneti yake yenyewe. Nyuma ya kila kisanduku chenye taa za kijani kuna kitu kingine kinacholeta mzigo: mkongo uliofukiwa ardhini, au laini ya simu iliyochomekwa ubavuni mwa kisanduku. Migahawa mingi hapa mjini inayojitangazia waifai ya bure inatumia laini kama hiyo uliyo nayo mfukoni.

Kwa hiyo simu inapodai waifai, swali lake halihusu ufundi. Inauliza bili ni ya nani.

Aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa na nia njema. Alimfikiria mtu ambaye nyumbani kwake intaneti inalipiwa kwa mwezi na haipimwi, ila ya simu ndiyo inayopimwa na kumtoza akizidisha. Kumkinga mtu huyo ni kumzuia asipakue faili kubwa akiwa barabarani. Apple kwa miaka mingi waliweka hata ukomo wa ukubwa wa programu unayoweza kupakua kwa data ya simu: MB 10 mwanzoni, kisha 20, 50, 100, 150, hadi 200 mwaka 2019, mwaka uleule ambao hatimaye walimwachia mwenye simu aamue mwenyewe. Kupakua mfumo mzima kwa mtandao wa simu walikuja kukuruhusu mwaka 2020, kwa wenye iPhone 12 na mtandao wa 5G. Tazama ngazi hiyo ilivyopandwa polepole. Watu wa bando la siku hawakuwamo katika hesabu. Kwetu sisi bando ndiyo intaneti yenyewe, ya nyumbani na ya safarini, na anayengoja waifai anaweza kungoja mpaka simu ife.

Tena maradhi hayangoji. Julai 2015 mtafiti Joshua Drake alitangaza kasoro iliyopewa jina la Stagefright, ndani ya sehemu ya Android inayosoma video na sauti. Mshambuliaji alihitaji namba yako ya simu tu: akutumie ujumbe wa picha, na katika simu nyingi uharibifu ungeweza kufanyika kabla hujaufungua. Ujumbe wa picha hupitia mtandao wa simu. Hauulizi kama una waifai. Mwezi uliofuata, Agosti 2015, Google walianza utaratibu wa kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Basi angalieni mkao wa mambo: ugonjwa unaingia kwa mlango wa mnara, dawa imewekwa kwenye duka lisilo na tawi wilayani kwenu. Na simu hiyo ndiyo pochi. Ndani yake mna akaunti ya pesa, ujumbe wa benki, namba za siri zilizohifadhiwa kama “Shangazi Mbeya 2”. Msicheke, nawajua.

Sasa tuingie ndani ya kiraka chenyewe, kwa sababu akiielewa namna kilivyotengenezwa, mtu hupungukiwa woga.

Masasisho yako ya aina mbili. Moja ni mfumo mzima, kitabu kipya kutoka jalada hadi jalada. Siku hizi huwa GB moja, mbili, hata zaidi. Ya pili ni tofauti tu kati ya mfumo ulio nao na mfumo mpya. Wazee wa uchapaji waliomo humu ukumbini wanaijua vizuri ile karatasi ya masahihisho iliyokuwa ikichomekwa kitabuni: ukurasa wa 40, mstari wa 6, “baba” isomeke “babu”. Hakuna aliyechapa kitabu upya kwa ajili ya herufi moja. Mkanada Colin Percival, mwaka 2003, alitengeneza programu ya bsdiff inayofanya kazi hiyo kwa faili za kompyuta, na Android imeitumia mbinu yake. Ndiyo maana kiraka cha mwezi kinaweza kuwa MB mia kadhaa, wakati mfumo wenyewe ni GB kadhaa.

Lakini karatasi ya masahihisho ina sharti. Lazima kitabu chako kiwe toleo lilelile lililokusudiwa. Ukiwa na toleo la nyuma zaidi, ukurasa wa 40 hauna huyo “baba”. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu ameruka masasisho sita, au fundi alimfungulia simu na kugusa mfumo, kisha anashangaa kiraka kinakataa. Atalazimika kupanda ngazi moja moja, au achukue kitabu kizima. Kila “Baadaye” inayobonyezwa inaweza kuiongeza bili ya mwisho.

Na kitabu kizima ni mzigo. Chukua faili la GB 2 na mtandao unaokupa megabiti moja kwa sekunde, kasi ambayo mikoani tunaifahamu: utapakua kwa muda wa takriban saa nne na nusu, ukiomba Mungu mnara usizimike. Kwa megabiti tatu ni saa moja na nusu. Septemba 2009, nchini Afrika Kusini, kampuni moja yenye ofisi karibu na Pietermaritzburg, iliyochoshwa na intaneti ya kutambaa, ilimfunga mguuni njiwa aliyeitwa Winston kadi yenye GB 4 na kumrusha kwenda Durban, km 80 hivi. Aliruka kwa saa moja na dakika nane. Ukijumlisha na muda wa kuinakili kadi, kazi yote ilichukua saa mbili na dakika saba kasoro sekunde chache. Wakati huo laini ya intaneti ilikuwa imepitisha asilimia 4 ya data ileile.

Mimi hukisimulia kisa cha Winston kwa sababu moja: GB 4 inaweza kuwa ukubwa wa sasisho zima la simu ya leo, na kadi mguuni mwa njiwa ni njia halali ya kulisafirisha. Wacuba wanaielewa hoja hii kuliko sisi. Wana kitu kiitwacho El Paquete Semanal, takriban TB 1 ya faili inayopita mkono kwa mkono kila wiki kwenye diski. Ndani yake, pamoja na tamthilia, mna programu za simu na masasisho ya antivairasi. Nasi ni watu wa memori kadi. Nani hapa hakuwahi kupeleka kadi yake sokoni ikajazwe bongo fleva na filamu zilizotafsiriwa?

Najua mtu wa nyuma pale ananyanyua mkono. Anataka kuuliza: faili lililopita mikono kumi, nitaliaminije?

Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa mhadhara huu. Usalama wa sasisho haukuwekwa njiani. Uliwekwa ndani ya faili. Kiwandani, faili likikamilika, hupigwa hesabu inayotoa alama fupi inayotokana na kila biti iliyomo. Alama hiyo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao mtengenezaji hampi mtu. Simu yako nayo ilitoka kiwandani ikiwa na ufunguo wa pili, wa wazi, ambao unaweza kukagua sahihi na hauwezi kuiandika. Faili likifika, simu hurudia hesabu. Ikiwa biti moja imeguswa kati ya mabilioni, majibu hayalingani na simu inalikataa faili. Zamani waliotuma barua nyeti waliipiga lakiri. Tarishi angeweza kuwa mlevi, mwizi, au mpelelezi. Mpokeaji alitazama lakiri. Kwa hiyo faili lililokuja kwa waifai ya hoteli ya kitalii na faili lililokuja kwenye kadi ya konda wa basi hukaguliwa kwa jicho lilelile.

Ziko njia, basi, za kusasisha bila waifai, na nitazipitia kwa kadiri ya umuhimu wake.

Ya kwanza iko mfukoni mwako, na wengi hawajaitazama. Simu nyingi za Android, kwenye ukurasa wa kusasisha mfumo, huwa na kitufe kidogo pembeni chenye mipangilio yake. Humo mna swichi inayoruhusu kupakua kwa data ya simu, nayo mara nyingi huja imezimwa. Soma kwanza ukubwa wa faili, nunua bando la usiku linalotosha na ziada kidogo, hakikisha chaji imevuka nusu, ondoa video za harusi za mwaka juzi ili nafasi ipatikane, kisha washa.

Swichi ikikosekana, kuna hotspoti. Simu ya jirani inageuka kisanduku cha waifai na yako inapakua. Bili ni ya jirani, kwa hiyo mwombe vizuri. Upo mtego mdogo hapa ambao umewachanganya hata mafundi: simu ya Android inayorusha hotspoti humnong’oneza mpokeaji kwamba mtandao huu unapimwa, na mpokeaji anaweza kusita kupakua ingawa anaona waifai imejaa. Ingia kwenye maelezo ya mtandao huo, uutambulishe kama usiopimwa, atalegea.

Ya tatu ni waya, na mnisamehe nikikaa hapa kidogo, maana waya umedharauliwa bure. iPhone ilipozaliwa mwaka 2007 haikuwa na njia nyingine. Ulichomeka kwenye kompyuta yenye iTunes, basi. Kusasisha hewani kulikuja na iOS 5, Oktoba 2011. Hata baada ya hapo, waya uliwaokoa matajiri. Septemba 2014 iOS 8 ilitaka karibu GB 4.6 za nafasi tupu ili kusasisha hewani, wakati Apple wenyewe walikuwa bado wanauza simu za GB 16. Watu wa London na New York wenye waifai hadi chooni walishindwa kusasisha, wakarudi kwenye waya, kwa kuwa kompyuta hubeba faili na kuipunguzia simu mzigo. Mwaka uliofuata iOS 9 ikashusha dai hilo hadi GB 1.3.

Leo kwenye Mac kazi hiyo inafanywa na Finder, tangu 2019. Kompyuta inaweza kupata intaneti kwa kebo ya ofisini au modemu ya laini. Unaweza hata kulipakua faili la mfumo mahali pengine, ukalibeba kwenye flashi, ukaielekeza kompyuta ilisome. Ila iPhone haiponi bila intaneti kabisa: kompyuta lazima iwasiliane kidogo na seva za Apple ili sasisho liidhinishwe kwa simu ile mahususi. Data yake ni ndogo. Na tafadhali: kwenye skrini mtaona vitufe viwili, cha kusasisha na cha kurejesha. Cha pili hufuta kila kitu. Nimemwona mtu mzima akilia kwenye kibanda cha fundi kwa kukosea kitufe, picha za marehemu mama yake zikiwa humo.

Wenye Samsung wana Smart Switch ya kompyuta. Wenye Google Pixel wanawekewa hadharani mafaili mazima ya mfumo, na amri ya adb sideload huyasukuma kupitia waya. Xiaomi, na baadhi ya matoleo ya Tecno na Infinix, zimekuwa na chaguo la kuchukua faili lililokwisha kuwekwa kwenye simu au memori kadi. Hiyo ndiyo njia ya njiwa: pakua mjini, peleka kijijini, sasisha, mara nyingi bila hata baa moja ya mtandao.

Mafundi, sasa nasema nanyi.

Kusasisha na kuflashi ni kazi mbili. Sasisho huingia kwa mlango wa mbele, linakaguliwa lakiri, na vitu vya mteja vinabaki. Kuflashi kwa programu kama SP Flash Tool, kwa simu za kichakataji cha MediaTek, ni kuingia kwa dirisha la jikoni: unaandika juu ya kumbukumbu ya simu moja kwa moja. Ni kazi halali kwa simu iliyokufa. Kwa simu nzima inayotaka kiraka cha mwezi ni kama kubomoa nyumba ili ubadilishe balbu. Faili la modeli nyingine, hata jina likifanana, linaiua simu. Kufuta kila kitu kwa pupa kunaondoka na IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Na mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozizima simu zenye IMEI bandia Tanzania nzima. Kabla hujagusa simu ya mtu piga *#06#, andika namba kwenye daftari, kisha hakiki baada ya kazi.

Woga mwingine ninaousikia ni umeme kukatika katikati. Zamani ulikuwa woga wa haki. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu zilizoundwa kwa mpango wa vyumba viwili huandika mfumo mpya katika chumba kitupu huku wewe unaendelea kupiga simu. Ukiiwasha upya inahamia huko, na mambo yakiharibika inarudi ilikotoka. Simu za bei ya chini hazikuupata mpango huo mapema, kwa hiyo chaji bado ni sharti.

Msidhani kwamba anayekataa kusasisha anabaki alipo. Dunia humwacha. Novemba 2020 taasisi ya Let’s Encrypt, inayotoa bure vyeti vya usalama kwa tovuti nyingi mno, ilitangaza kwamba simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zingeshindwa kufungua tovuti hizo, kwa sababu cheti mzizi kinachohitajika hakimo ndani ya mfumo wao. Kwa hesabu yao, simu hizo zilikuwa karibu theluthi moja ya Android zote. Tovuti haikuharibika wala simu haikuharibika. Orodha ya kuaminiana ndiyo ilichakaa. Wataalamu walipata ujanja, kwa kutumia ukweli kwamba Android kongwe haitazami tarehe ya mwisho ya cheti mzizi, wakanunua muda hadi Septemba 2024. Muda huo umekwisha.

Mpwa wangu alisasisha. Swichi ya data ilikuwepo tangu siku aliyonunua simu, imezimwa, nyuma ya kitufe chenye picha ya gia. Alinunua bando la usiku mara tatu, kwa kuwa zile karatasi za masahihisho zilikuja kwa zamu, moja baada ya nyingine, na asubuhi ya nne simu haikumwambia kitu. Aliniandikia: “Mjomba, kumbe basi halikuhitajika.”

Ninayo maombi mawili. Kwa watengenezaji na wauzaji wao walioko hapa: andikeni ukubwa wa faili kwa tarakimu kubwa, iwekeni swichi ya data mahali mwalimu wa Newala anapoweza kuiona, na acheni mlango wa memori kadi wazi kwa kila modeli mnayotuuzia. Kwa mafundi wa Aggrey kule Kariakoo, wa Luthuli jijini Nairobi, na wa kila stendi ya basi: kebo mnazo, kompyuta mnazo, bando la mwezi mnalo. Mteja akija kubadilishiwa kioo, fungueni “Kuhusu simu”, msomeeni tarehe ya kiraka cha usalama, na ikiwa imepita nusu mwaka, msimruhusu aondoke bila kumuuliza kama ana nusu saa ya kungoja.